Ukisema "GPS imenidanganya" mara nyingi unamsingizia asiye na kosa

Mi ni fundi wa redio za magari hapa Mbeya, na kuna sentensi naisikia karibu kila wiki, "fundi hebu niangalizie, GPS ya hii gari mbovu". Gari lenyewe IST au Noah, limetoka bandarini juzi juzi, ukiwasha yule mama wa Kijapani anaongea maneno yake (watu wanadhani anatoa salamu, kumbe analalamika kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa), skrini inawaka, halafu kamshale kako katikati ya rangi moja tupu, hamna barabara hamna mji hamna chochote. Mwenye gari anajua kifaa kimekufa. Kuna Noah moja niliingia kwenye menyu nikamwonyesha mwenyewe, setelaiti zimekamatwa tisa, na namba za latitudo na longitudo zinazosomeka ni za hapa hapa Mafiati tulipoegesha. Kifaa kilikuwa kizima na kinajua kilipo, ila kwenye diski yake kimewekewa ramani ya Japani tu, kwa hiyo kikitafuta barabara ya kuchora chini ya ule mshale hakipati.

Na saa yake usiiguse haraka. Japani wako mbele yetu masaa sita, kwa hiyo saa moja asubuhi ya hapa yenyewe inaandika 1:00, saa mbili inaandika 2:00. Dereva teksi mmoja alinikatalia kabisa nisiirekebishe, akasema acha, hii ndo saa pekee ya gari iliyowahi kuongea Kiswahili.

Sasa ile Noah ndo inafundisha vizuri kuliko maelezo yangu yote. Kile tunachokiita GPS kwenye simu au kwenye gari kimebeba vitu vya watu tofauti. Kuna nukta, ile ya bluu inayosema upo hapa. Chini ya nukta kuna mistari ya barabara ambayo mtu au kompyuta ilikaa ikaichora. Juu ya mistari kuna majina, duka, shule, zahanati, gereji, kila kimoja na pini yake. GPS yenyewe ni hiyo nukta tu, basi. Barabara na majina vimetoka kwa watu wengine kabisa, wengine hawajawahi kukanyaga Tanzania, na ukipotea mara nyingi ni hao.

Nianze na nukta maana ndo inayolaumiwa bure. Huko juu, kilomita kama 20,200, kuna setelaiti za Marekani zaidi ya 24 zinazozunguka dunia mara mbili kwa siku, na kila moja ina saa ya atomiki na muda wote inatangaza "mimi ni fulani, niko hapa, sasa hivi ni saa fulani". Simu yako inasikiliza tu, haitumi kitu huko juu, ndo maana GPS haili bando. Tangazo linasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo linafika ndani ya kama sekunde 0.07, na simu inapima limechelewa kiasi gani inapata umbali. Ukiwa na umbali kutoka setelaiti tatu unaweza kubahatisha ulipo, ya nne inatakiwa kwa sababu saa ya simu yako ni ya bei rahisi na saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde tu umeshahama mita 300. Sa hivi simu nyingi zinasikiliza pia setelaiti za Urusi, za Ulaya na za China, ndo maana zinakamata upesi. Zamani raia tulikuwa tunapewa nukta iliyochafuliwa makusudi, unaweza kukosea hadi mita 100, Wamarekani wakaizima hiyo tabia Mei 2000. Leo ukiwa sehemu ya wazi, mbingu inaonekana yote, simu ya kawaida inakosea kama mita tano hivi.

Mita tano aisee! Hiyo ni kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa mama anayeuza ndizi za kuchoma. Kwa hiyo mtu akiniambia GPS ilimpeleka mtaa mwingine kabisa, setelaiti siwezi kuzishuku za kwanza.

Ila nukta nayo ina siku zake. Ukiwa ndani ya jengo la zege, au mabondeni kule Kitonga milima imekubana pande mbili, au katikati ya misitu ya Sao Hill mvua imelowesha majani, mawimbi yanafika yamechoka au yanafika baada ya kugonga ukuta kwanza, yaani yamezunguka njia ndefu, na simu inadhani setelaiti iko mbali kuliko ilivyo. Na kama haijaona mbingu kabisa simu inabahatisha kwa minara ya simu na waifai za jirani. Hapo ndo panapozaliwa ugomvi wa "nitumie lokesheni". Mtu yuko stoo ndani kabisa, anafungua WhatsApp anabonyeza kutuma fasta, haangalii pale chini panaandikwa usahihi ni mita ngapi. Niliwahi kutumiwa hivyo na mteja wa Igawilo, pini ikanileta kwenye shamba la mahindi, nikampigia, akasema "fundi niko ndani ya duka naona hauonekani". Kurudi kuangalia vizuri, ile lokesheni ilikuwa na usahihi wa mita elfu moja na kitu. Toka nje, subiri hata nusu dakika namba ishuke mpaka kumi au ishirini, ndo utume. Kwenye Google Maps ni lile duara la bluu iliyopauka kuzunguka nukta, likiwa kubwa maana yake simu inakuambia mimi mwenyewe sina uhakika. Watu hawalisomi lile duara, wanadhani ni urembo.

Halafu kuna hili la vifaa vya GPS vya zamani vya kushika mkononi. Kikikaa kabatini miezi mingi ukiwasha kinasumbua, unadhani kimekufa. Kila setelaiti inatangaza ratiba ya njia yake angani taratibu sana, kupata ya setelaiti moja ni kama sekunde 30, ya kundi zima ni dakika 12 na nusu, na simu zetu zinaruka hiyo foleni kwa sababu zinachota ratiba kwa intaneti. Kifaa kisicho na laini kiweke juu ya boneti uwanjani, ukanywe chai, urudi.

Nukta tumemaliza, twende kwenye mistari.

Barabara za kwenye ramani zinapatikana kwa njia kadhaa zinazochanganywa. Kampuni zinachora kutoka picha za setelaiti, zinanunua data, zinaangalia pia simu za watu zinapita wapi kwa kasi gani. Halafu kuna OpenStreetMap, ilianza Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akachora na apu nyingi za bure zinaitumia. Dar walifanyiwa kazi nzuri kuanzia 2015 na mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wakitembea mtaa kwa mtaa. Huku kwetu vijiji vingi mtu amechora akiwa amekaa mbali, anaangalia picha kutoka juu, anaona mstari mweupe kati ya viazi, atajuaje kama ni barabara ya Fuso, ni njia ya ng'ombe, au ni korongo lililokauka? Anachora. Na picha zenyewe kwenye milima kama ya Uporoto zinaweza kukaa pembeni mita kadhaa, maana picha imepigwa kwa kuinama na mlima unasukuma vitu, kwa hiyo hata mstari uliochorwa kwa uangalifu unaweza kuwa umehamia shambani kidogo huku nukta yako ikiwa pale pale barabarani.

Kifaa nacho kinajua hayo mapungufu, kwa hiyo kina ujanja wake, kinaikamata nukta kinaivutia kwenye mstari ulio karibu. Mara nyingi inasaidia. Ila barabara zikiwa mbili sambamba, ile kuu na ile ya vumbi ya pembeni, kinaweza kukuvutia kwenye isiyo yako, na kuanzia hapo kinakuambia kata kulia mahali ambapo kulia ni mtaro. Sa hivi hapa mjini ndo usiseme, barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kuanzia Nsalaga kwenda Ifisi, leo magari yanapitishwa kushoto kesho kulia, ramani itajulia wapi.

Lakini hata mstari ukiwa sahihi kabisa bado unaweza kukuliza, na hapa ntawasimulia ya mtoto wa baba mdogo. Alitoka Dar na kagari kadogo ka chini mwezi wa tatu anakuja msibani Matamba. Amefika Chimala, simu inamwambia kata kushoto panda, kilomita chache tu umefika. Wanaojua ile njia mmeshacheka. Ile ndo ya kona hamsini na saba, unapanda ukuta kuelekea Kitulo, na mwezi wa tatu huku mvua hailali. Kona ya sijui ishirini na ngapi akakutana na lori la viazi limelala upande, nyuma udongo mwekundu umelowa, akakaa pale mpaka jioni anakula mahindi ya mama mmoja aliyekuwa anashuka kwa miguu. Alipofika nyumbani kitu cha kwanza, hata viatu hajavua, "kaka, GPS yenu imenidanganya". Nikachukua simu yake nikaangalia. Kona zote zilikuwepo, zimechorwa vizuri tu, kwa kweli nilishangaa jinsi zilivyochorwa vizuri. Kilichokosekana ni kwamba hakuna mtu aliyeiandikia ramani kuwa ile ni vumbi, inapanda vile, na masika haipandwi na kagari ka vile. Ramani ina sehemu ya kujaza hayo, lami au udongo, pana au nyembamba, na ikiachwa wazi kifaa kinajikadiria chenyewe, na kikishajikadiria kinakupa dakika. Zile dakika wakati mwingine ni ndoto, hasa sehemu ambazo simu zinazopita ni chache na hamna wa kukisahihisha. Vifaa vingi vina kitufe cha kuepuka barabara za vumbi, kiwashe, ila kumbuka kinaepuka zile tu zilizoandikwa kuwa za vumbi.

Kuna kosa lingine la mistari ambalo halihusu barabara, nilifundishwa na mpima ardhi mmoja aliyekuja kufunga redio. Kamati ya maji ya kijiji kimoja kule Rungwe walikuwa na namba za chemchemi, zimeandikwa na kalamu kwenye daftari, zimetolewa kwenye ile ramani ya karatasi ya zamani. Kijana wao akaziingiza kwenye simu, simu ikawapeleka katikati ya chai. Hamna hata unyevu. Mzee mwenyekiti akasema hii simu inataka maji yapande mlima. Kumbe ramani zetu za zamani zimepimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, na GPS inatumia msingi mwingine, WGS84, yaani ni kama watu wawili wanahesabu hatua kutoka kwenye nguzo mbili tofauti. Namba ile ile ukiisoma kwa msingi usio wake huku kwetu unahama kama mita 300 upande wa kaskazini. Wakashuka kusini kama mita 300, chemchemi hiyo hapo inachuruzika. Ukipewa namba na mtu wa ardhi muulize kwanza ni za msingi gani, na ni za kanda gani (dunia imekatwa vipande virefu vya kusimama vyenye namba, kila kipande kinahesabu mita zake), maana Mbeya na Iringa mjini ziko kanda ya 36 lakini ukishateremka Kitonga ukafika Ruaha Mbuyuni umeshaingia ya 37, na kanda ukikosea hauhami mita, unahamia mbali huko.

Na zile namba za latitudo na longitudo zenye desimali, Mbeya ni kama -8.9 na 33.46. Kale kakistari ka mwanzo ukikasahau umeshafika Sudan Kusini, na ukizigeuza ya pili ikaanza unatumbukia baharini mbele ya Morocco. Nimeona vyote viwili.

Sasa tuje kwenye majina, huko ndo kumeoza.

Pini ya mahali ni kitu rahisi mno kuweka na kigumu mno kutoa. Mwenye duka anaweka, mteja anaweka, mtoto anachezea simu anaweka "nyumbani kwa boss". Duka likihama hakuna anayekumbuka. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, likaja likajengwa jipya, na katikati hapo wafanyabiashara walitawanyika, wengine hawakurudi. Mtaani sisi tunahama na habari, tunasema "zamani alikuwa pale, sa hivi yuko huku". Ramani haina zamani, inaonyesha vyote kama vipo leo.

Afu majina yenyewe. Majengo ziko ngapi nchi hii? Soweto ziko ngapi? Ukiandika jina tupu kifaa kinakuchagulia, na hakikuulizi. Na sisi huku r na l zinabadilishana viti, Kiwira kuna anayeandika Kiwila, Igurusi kuna Igulusi, lile ziwa la kwenye volkano kuna Ngozi na kuna Ngosi, kwa hiyo unatafuta kitu kipo, unaambiwa hakipo. Na mipaka ya mikoa nayo, Njombe ilitoka Iringa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016, kadi za ramani za kabla ya hapo bado zinasema Tunduma iko mkoa wa Mbeya. Kali kuliko yote ni uwanja wa ndege wa Songwe. Upo Mbeya! Ulianza kutumika kabla mkoa wa Songwe haujazaliwa. Mgeni anaandika Songwe anapewa mkoa, anajikuta anaelekea Vwawa wakati ndege yake inatua nyuma yake. Na akiandika uwanja wa ndege Mbeya, anaweza kuletwa kule kwenye uwanja wa zamani mjini, akute hamna ndege.

Hata pini iliyowekwa mahali sahihi inaweza kukuleta pasipo. Kifaa hakijui geti. Kinachukua pini, kinatafuta barabara iliyo karibu na pini, kinakuleta hapo, kinasema umefika. Sasa shule ina eneo kubwa, pini imewekwa katikati kwenye uwanja wa mpira, barabara iliyo karibu na katikati ni ile ya nyuma ya ukuta. Nimeshapeleka spika za mahafali nikajikuta nasikia wanafunzi wanaimba upande wa pili wa ukuta na katikati yetu kuna korongo. Ukiweka pini yako iweke getini, sio juu ya paa.

Serikali ilifanya ile operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba mlangoni, na postikodi za huku zinaanza na 53 kwa Mbeya na 51 kwa Iringa. Mimi napenda ile kitu kwa dhati. Ila mwambie bodaboda wa Uyole namba ya nyumba uone atakavyokuangalia, atakuuliza "kwa nani hapo?" Bodaboda ana ramani kichwani inayoapdetiwa kila siku, kasoro yake ni kwamba haitumwi WhatsApp. Mimi nikipeleka kazi sehemu ngeni natumia simu mpaka nikaribie, nikibakiza kama mita 300 naiweka mfukoni nasimama kijiweni, "kamwene" kama ni Iringa, nauliza. Na kabla sijatoka mjini napakua ramani ya eneo zima, maana nukta haihitaji mtandao lakini michoro inauhitaji, na kule Makete mtandao unakuja na upepo.

Ramani ya kifaa angalia tarehe yake pia, ipo kwenye mipangilio, huwa inashtua. Na ukiona kosa rekebisha, hizi ramani zote kubwa zina sehemu ya kupendekeza marekebisho. Kwenye OpenStreetMap kinabadilika hapo hapo ingawa apu inayoitumia inaweza kuchelewa wiki kadhaa, zingine wanakuambia ombi linapitiwa, unangoja.

Mi mwenyewe nina kesi hapo. Kibanda changu cha kwanza kilikuwa pembeni ya barabara kuu, nilikiwekea pini mwenyewe, na picha, na namba ya simu, nikajisifu. Upanuzi ulipokuja nikahamia ndani huku, mtaa wa tatu kutoka barabarani. Juzi napigiwa na mama mmoja, sauti ya mtu aliyechoka jua, "fundi nipo hapa dukani kwako lakini naona kijiko kinachimba tu". Nikamwambia mama angu samahani sana, rudi nyuma mpaka kwenye kituo cha bajaji, waulize fundi redio. Alipofika nikamfungia redio yake, alipoondoka nikaingia kwenye ile ramani nikaandika mahali hapa pamefungwa. Ikanijibu asante, tutalipitia ombi lako. Jana asubuhi kijana mwingine kapiga, yupo kwenye kijiko.